Njia ya Mafuta: Kuifufua Karabai ya Zamani

Mtu akirithi karabai iliyolala stoo miaka mingi, kitu cha kwanza anachotafuta ni ndimu na majivu. Anaisugua mpaka tangi linamwonyesha sura yake, anaiweka mezani, wageni wanaisifu. Siku ya siku anatia mafuta, anapiga pampu, anawasha, na taa inatema moto wa njano hadi darini. Hapo hutolewa hukumu iliyozipeleka karabai nyingi kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu: hii imekufa.

Mara nyingi haijafa. Imetengenezwa kuanzia nje kwenda ndani, wakati karabai hutengenezwa kwa kufuata njia ya mafuta: tangini, kwenye bomba, penye moto, kwenye tundu la nozeli, hadi kwenye kile kifuko cheupe kinachotoa mwanga. Kila ugonjwa wa taa hii una kituo chake katika njia hiyo. Fundi anayeijua njia habahatishi. Anajiuliza mafuta yamefika wapi na yamekwama wapi.

Katika sura iliyopita tulishughulika na chemli, taa isiyodai zaidi ya utambi mzuri na kioo kizima. Chemli hunyonya mafuta kwa utambi na kuyachoma papo hapo, kwa hiyo mwanga wake ni wa moto wenyewe. Karabai ni mashine. Hewa iliyosukumwa kwa pampu huyakandamiza mafuta tangini. Mafuta hupanda kwenye bomba linalopita karibu na moto, yakachemka, yakawa mvuke. Mvuke hufyatuka kwenye tundu ambalo ni sehemu ndogo tu ya milimita, ukavuta hewa njiani, ukachanganyika nayo, kisha ukaungua kwa moto wa buluu usio na mwanga wa maana. Kinachoangaza ni kifuko kilichopashwa na moto huo, na joto lile lile ndilo linalochemsha mafuta yanayofuata. Ikishawaka, taa hii inajilisha yenyewe, mradi upepo wa tangini usipungue.

Kifuko hicho kinastahili kusimuliwa kidogo. Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria aliyesoma kwa Robert Bunsen mjini Heidelberg, alikuwa akichunguza madini adimu alipoona kwamba kitambaa kilicholoweshwa kwenye chumvi za madini hayo, kikichomwa, huacha kiunzi chepesi chenye umbo la nyuzi zake, na kwamba kiunzi hicho hung'aa sana kikikaa motoni. Alipata hataza mwaka 1885. Vifuko vyake vya kwanza vilitoa mwanga wa kijani, vikavunjika upesi, wateja wakavikimbia, na kiwanda chake cha Atzgersdorf kikafungwa mwaka 1889. Hakukata tamaa. Mwaka 1891 alileta mchanganyiko mpya, asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia 1 oksidi ya seriamu. Thoriamu peke yake hutoa mwanga hafifu. Asilimia moja ya seriamu ndiyo iliyougeuza kuwa mweupe na mkali. Mtu huyu huyu ndiye aliyetuletea, mwaka 1903, lile jiwe linalotoa cheche katika viberiti vya gesi vya dukani. Anayewasha karabai kwa kiberiti cha gesi ameshika kazi mbili za Auer kwa wakati mmoja.

Kutoka Austria twende Berlin. Huko kampuni ya Ehrich & Graetz, chini ya Max Graetz, ndiyo iliyoitoa taa ya Petromax mwanzoni mwa karne ya 20, na umbo la Petromax ndilo lililozunguka dunia. Ile kubwa ya mishumaa 500, yenye tangi la lita moja hivi linalotosha kuwaka saa nane, iliigwa Ureno kwa jina la Hipólito, na Uchina kwa majina ya Anchor na Butterfly. Karabai nyingi utakazokutana nazo Afrika Mashariki ni za ukoo huo, na kwa bahati njema vipuri vingi vya ndugu hawa huazimana, ingawa mara nyingine ni lazima tupa ipite kidogo. Tilley ya Uingereza ni ukoo mwingine: bomba lake la mvuke limesimama wima katikati, sindano imo ndani yake, na likichoka hubadilishwa zima. Nitaifuata Petromax, kwa sababu ndiyo inayomruhusu fundi kugusa kila kiungo chake.

Kazi kubwa iliyofanywa na taa hizi katika nchi zetu haikuwa ya sebuleni. Ilikuwa ziwani. Katika Ziwa Tanganyika wavuvi walikuwa wakiwavuta dagaa kwa moto wa kuni uliowashwa mtumbwini tangu zamani. Katika miaka ya 1950 karabai zikachukua nafasi ya kuni, upande wa Kigoma na upande wa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Samaki hufuata mwanga giza likiwa nene, kwa hiyo kalenda ya kazi ilikuwa ni mwezi: giza likiingia watu wanashuka majini, mbalamwezi ikitanda wanapumzika na kutengeneza nyavu na taa. Ziwa Victoria nalo liliwaka hivyo hivyo kwa wavuvi wa dagaa, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene. Nchi kavu karabai ziliangaza harusi, maulidi, ngoma, magenge ya samaki wa kukaanga, na meza za kuhesabia kura katika vituo visivyo na umeme. Mtu aliyezaliwa kijijini kabla ya miaka ya 1990 huenda aliwahi kutumwa kwenda kuazima karabai kwa jirani.

Zimewekwaje stoo, basi? Taa za betri na za sola zimefanya kazi yao, na kwa mvuvi ni nafuu ya kweli. Sitamlaumu hata mmoja. Lakini kuna jambo la kodi pia ambalo watu husahau. Mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa na dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi, na serikali zikaamua kuziba mwanya huo kwa bei. Tanzania, katika bajeti ya mwaka 2011, ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi takriban shilingi 400. Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita, yenye lengo hilo hilo. Taa inayokunywa lita moja kwa usiku haikuweza kushindana tena. Kwa hiyo karabai nyingi zilizolala leo zilistaafishwa zikiwa na nguvu zao, na hiyo ni habari njema kwa anayetaka kuziamsha.

Tuanze kazi. Kabla ya kushika spana, inuse taa na uitikise. Mafuta yaliyokaa tangini miaka mingi huacha utando wa kahawia unaonata, na kinachogongagonga ndani huwa ni kutu au mabaki ya raba. Fungua kizibo, mulika kwa tochi. Kisha weka sumaku ubavuni. Ikinata kwa nguvu, tangi ni la chuma na adui wake ni kutu. Isiponata, ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli, na hilo ndilo tangi linalofaa kuhangaikiwa zaidi. Lakini shaba ya njano ina maradhi yake ambayo hayaonekani kwa haraka.

Katika India ya wakati wa Waingereza, jeshi lilikuwa likihifadhi risasi zake katika mazizi ya farasi msimu wa masika. Mvua zikiisha, maganda ya shaba ya njano yalikutwa yamepasuka yenyewe bila kuguswa na mtu. Kilichochukua muda kueleweka, hadi miaka ya 1920, ni kwamba amonia inayotoka kwenye mkojo wa wanyama huila shaba ya njano iliyokandamizwa kiwandani kwa nguvu, ikaingia katikati ya chembe za madini na kuzitenganisha. Tangi la karabai limekandamizwa namna ile ile. Sasa fikiria ni taa ngapi za bibi na babu zimehifadhiwa bandani kwa kuku, au kwenye dari juu ya zizi la mbuzi. Kwa hiyo chukua kioo cha kukuzia, pitia kila mkunjo wa tangi, hasa pale shingo inapokutana na bega na pale kitako kilipopindwa. Nyufa za amonia ni nyembamba, mara nyingi ziko kadhaa pamoja, na ukiziba moja kwa lehemu nyingine hufunguka pembeni. Tangi la namna hiyo lisitiwe upepo tena. Livue vipuri vyake, vitaiokoa taa nyingine. Na kwa sababu hiyo hiyo usisafishe shaba ya njano kwa dawa yoyote yenye amonia, hata kama chupa yake imeandikwa kwamba ni ya kung'arishia shaba.

Tundu moja la kawaida, lililotokana na kuanguka au kutu, linaweza kulehemiwa. Ila tangi lililowahi kubeba mafuta lisikaribishwe moto kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, na wakati wa kulehemu lijazwe maji karibu hadi penye tundu. Mvuke wa mafuta uliobaki kwenye mikunjo unatosha kumuumiza mtu vibaya.

Kuliosha ndani, tia kokoto ndogo safi au kipande cha mnyororo mwembamba pamoja na maji ya moto na sabuni, ziba, tikisa kwa muda mrefu. Utando unaokataa huyeyuka kwa thina. Tangi la chuma lenye kutu liache na siki siku nzima, ulisuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, kisha ulikaushe juani saa hiyo hiyo, maana chuma kilichovuliwa kutu hushika kutu mpya ndani ya dakika chache.

Sasa upepo. Hapa ndipo penye nusu ya maradhi yote ya karabai, na hapa ndipo ninapowasihi watu wasiwe na haraka. Jaza tangi maji, ukiacha nafasi ndogo tu juu, funga kila kitu, piga pampu. Maji yanatumika kwa sababu ya usalama: tangi bovu lililojaa hewa hupasuka kwa kishindo, lililojaa maji hutoa tone tu. Kausha nje kwa kitambaa, weka taa juu ya karatasi ya gazeti, nenda kafanye shughuli nyingine. Ukirudi, gazeti litakuwa limelowa mahali fulani. Chini ya kizibo, raba yake imekauka. Kwenye mhimili wa gurudumu dogo la kuwashia na kuzimia, kile kifungashio cha grafiti kimekwisha. Kaza nati yake robo mzunguko kwanza, na ikishindikana zungushia kamba mpya ya grafiti. Chini ya kichwa, penye washa ya risasi, huenda mtu alikaza kwa hasira mpaka ikapasuka. Geji kwa kawaida huwa imekufa. Usihuzunike. Mstari wake mwekundu uko kwenye baa 2, na mkono uliozoea pampu huujua ugumu wake bila kusoma chochote.

Fimbo ya pampu ikipanda yenyewe juu baada ya kusukumwa, ugonjwa uko kwenye valvu iliyo mwisho wa bomba la pampu. Kazi yake ni kuruhusu hewa iingie na kuikataza isirudi. Ndani yake mna springi ndogo na kipande cha raba kisichozidi punje ya choroko. Hapo watu wengi hukata kipande cha tyubu ya baiskeli, na taa inawaka vizuri usiku huo. Baada ya muda raba ya tyubu hunywa mafuta, huvimba, na valvu hukwama. Tafuta raba ya nitrili, inayotumika kwenye mipira ya mafuta ya magari. Mafundi wa pampu za dizeli wanayo, na kipande wanachotupa kinatosha kwa karabai za mtaa mzima.

Pampu isiyokamata hewa, inayoingia na kutoka bila ukinzani, ina ngozi iliyokauka. Kabla ya kuibadilisha, ivue na uiloweke kwenye mafuta usiku kucha, kisha itanue kwa vidole taratibu. Ngozi nyingi hufufuka hapo. Ikiwa imeliwa kabisa, tengeneza nyingine. Chukua ngozi halisi ya kiatu au mkoba wa zamani, isiyo nene sana. Kata duara linalozidi upana wa bomba la pampu kwa nusu sentimita hivi kila upande, toboa katikati pa kupitisha parafujo. Ilowe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iwe tepetepe. Weka duara hilo juu ya mdomo wa bomba lenye upana kama wa pampu, lisukume ndani kwa soketi ya spana inayoingia kwa kubana, na uliache likauke humo humo. Siku ya pili ukilitoa limekuwa kikombe kidogo chenye kuta zilizosimama. Punguza ukingo kwa wembe ulingane pande zote, liloweshe mafuta, lifunge kwenye fimbo, mdomo wa kikombe ukielekea tangini. Ukiingiza pampu, utahisi kuta zinatanuka na kushika bomba. Kazi hii haigharimu kitu na ngozi ya namna hii hudumu miaka.

Tangi likishashika upepo usiku mzima, panda kwenye bomba la mvuke. Mafuta ya taa hayachemki kwa joto moja. Yana sehemu nyepesi zinazoanza kuchemka karibu nyuzi 150 na nzito zinazongoja mpaka zaidi ya 250. Hizo nzito ndizo zinazoacha masizi magumu ndani ya bomba, kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, mpaka njia inabaki nyembamba. Dalili yake ni taa inayofifia na kurudi, kufifia na kurudi, hata kama upepo umejaa. Vua kichwa, toa fimbo na sindano, pitisha waya wa breki ya baiskeli uliochanuliwa ncha, usugue huku na huku, kisha pulizia. Masizi sugu yaloweke kwenye siki ya moto kabla ya kurudia.

Nozeli inataka adabu zaidi. Usiingize kitu chochote kwenye tundu lake isipokuwa sindano yake yenyewe, kwa sababu tundu likitanuka kidogo tu mafuta huwa mengi kuliko hewa, na hakuna njia ya kulirudisha. Sindano imefungwa juu ya fimbo inayoinuliwa na gurudumu la pembeni. Kila unapoligeuza, sindano hupanda, husafisha tundu na kuliziba. Unapofunga sindano mpya, ishushe kwanza hadi chini, ndipo ufunge nozeli. Kisha igeuze taratibu mbele ya dirisha uone ncha ikichomoza. Ikigonga pembeni itapinda mara ya kwanza na kuvunjika mara ya pili, na fundi atalaumu kiwanda.

Juu ya nozeli kuna nafasi wazi kabla ya mdomo wa bomba la kuchanganyia hewa. Katika Petromax kubwa nafasi hiyo ni milimita 14, na funguo iliyokuja na taa ilikuwa na kipimo chake. Mara nyingi kichwa kimelegea, nafasi imebadilika, na moto umekuwa wa njano bila sababu inayoonekana. Angalia pia ndani ya bomba lenyewe. Katika taa zilizolala, manyigu wajengao kwa udongo hulipenda sana. Nyumba moja ya nyigu inatosha kuzuia hewa yote, na mwenye taa atabadilisha sindano, nozeli na kifuko bila kupata nafuu. Toa udongo, toa utando wa buibui, piga brashi ndefu, na moto wa buluu utarudi.

Mwisho wa njia ni mdomo wa udongo wa kauri na kifuko. Mdomo ukiwa na ufa, mwali utachomoza upande mmoja na kutoboa kila kifuko utakachofunga. Kuhusu kifuko chenyewe kuna tahadhari moja ya lazima. Vile vya zamani vina thoriamu, ambayo ni madini yenye mnururisho hafifu. Kukishika mkononi si tatizo. Hatari ni kuvuta au kumeza vumbi lake. Kwa hiyo kifuko kilichovunjika kisipulizwe kwa mdomo. Kikusanye kwa kitambaa kibichi, kifunge, kitupe, nawa mikono, na watoto wasikaribie. Vingi vinavyouzwa sasa vimeachana na thoriamu na kutumia itriamu, na mimi nawashauri watu wachague hivyo hata kama mwanga wake hauna weupe ule wa zamani.

Funga kifuko ukiwa umegawanya mikunjo yake sawasawa kuzunguka mdomo, fundo likae mbali na bomba, ncha za uzi zikatwe fupi. Kiwashe kwa kiberiti kutoka chini, taa ikiwa haina upepo. Nyuzi zitaungua, kitasinyaa na kugeuka kijivu kisha cheupe. Kuanzia hapo kitambaa hakipo tena, kilichobaki ni kiunzi cha oksidi ambacho hata ncha ya kidole ikikigusa kinatoboka. Ukiwasha mafuta, mvuke utakijaza na kukipa umbo lake la mviringo, na umbo hilo ndilo kitakalokaa nalo.

Kuwasha ni jambo la joto. Jaza tangi robo tatu tu kwa mafuta yaliyochujwa kwa kitambaa, kwani upepo unahitaji nafasi. Mimina spiriti kwenye kikombe chake, uwashe, na uiache iungue mpaka karibu iishe ndipo ufungue njia ya mafuta. Moto wa njano unaopanda darini ni mafuta yaliyofika kwenye nozeli yakiwa bado maji. Bomba halijapata joto. Funga, toa upepo, subiri, rudia na spiriti ya kutosha. Taa zenye kile kipuliza moto cha pembeni hupashwa nacho kwa muda wa dakika moja na nusu hivi, lakini kinadai upepo wa kutosha tangu mwanzo.

Petroli isiingie kamwe katika karabai ya mafuta ya taa, hata kijiko. Mafuta safi ya taa hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafike nyuzi 38 au zaidi. Petroli huutoa hata penye barafu, na tangi lenye baa 2 karibu na moto ndipo mahali pabaya zaidi pa kuliona hilo. Ukishuku mafuta uliyouziwa, tia tone kwenye karatasi nje, mbali na moto, uyanuse: yaliyochanganywa na petroli hujitambulisha. Vilevile chumba kiwe na madirisha wazi. Taa hii hula hewa nyingi na hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu hewa ikipungua.

Ndimu na majivu sasa vinaruhusiwa, tena kwa kiasi. Nikeli ni ngozi nyembamba. Msasa au brashi ya chuma huiondoa jioni moja na hairudi. Sabuni, maji ya moto na kitambaa laini hutosha kwa sehemu kubwa ya tangi, na alama za mikunjo au majina yaliyokwaruzwa na wavuvi chini ya kitako ningependa zibaki. Kofia iliyobabuka rangi iache hivyo hivyo, kwa kuwa rangi yoyote ya kopo utakayoipaka itaungua na kunuka. Kioo kilichovunjika kibadilishwe na kioo cha karabai kinachostahimili joto; kioo cha dirisha hupasuka na kumrukia mtu.

Baada ya kazi, fungua skrubu ya kizibo utoe upepo wote taa ikiwa imezimwa na kupoa, ili mafuta yasisukumwe kwenye bomba usiku kucha. Ikiwa haitawaka kwa miezi kadhaa, mwaga mafuta, acha tangi likauke, tia tone la mafuta kwenye ngozi ya pampu, ziba mdomo wa bomba la hewa kwa kitambaa ili nyigu wasiingie, na itafutie mahali pakavu ndani ya nyumba, mbali na banda la kuku. Na kila baada ya miezi michache itoe, itie mafuta mapya, uiwashe saa nzima jioni moja. Raba na ngozi zinazofanya kazi hudumu kuliko zinazongoja.